Tuwajue Wanyama wa Usiku

Ndugu msomaji, jua likizama wewe unafunga mbuzi zizini, unakula chakula cha jioni, kisha unalala. Lakini porini wako wanyama ambao saa hiyo ndiyo kwanza wanaamka. Hao ndio wanyama wa usiku. Wengine ni marafiki wa mkulima. Wengine huharibu mazao. Wachache huua watu. Yafaa tuwajue, ili tusimwue rafiki wala tusimdharau adui.

WAGENI HULIPA KUWAONA

Wako watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali ili wawaone wanyama hawa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyo kaskazini mwa Tanzania, wageni huweza kulipia safari ya usiku. Hupanda gari pamoja na mwongozaji na askari mwenye bunduki. Mwongozaji humulika vichakani kwa taa. Mara nyingi taa hiyo hufunikwa kioo chekundu, kwa sababu mwanga mweupe mkali huwasumbua wanyama machoni. Mgeni haruhusiwi kushuka garini ovyo. Jambo hilo tulikumbuke, maana sisi wa vijijini hukutana na wanyama hao hao tukiwa kwa miguu.

KWA NINI MACHO YANAWAKA?

Labda umewahi kumulika tochi gizani ukaona macho mawili yanawaka. Hilo si jini. Ndani ya jicho la wanyama wengi wa usiku, kwa nyuma, kuna utando unaong'aa kama kioo. Mwanga ukiingia, utando huurudisha, na jicho huutumia mara ya pili. Kwa hiyo mnyama huona hata penye mwanga mdogo sana. Ng'ombe na paka wako pia wana utando huo. Sisi binadamu hatuna. Ndiyo maana usiku simba hukuona wewe kabla wewe hujamwona.

MARAFIKI WA MKULIMA

Bundi. Watu wengi humwua wakisema analeta kifo. Lakini bundi hula panya. Panya wa shambani jike huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Panya hufukua mbegu uliyopanda, kisha hula mahindi yako ghalani. Anayemwua bundi huwasaidia panya.

Popo. Popo wadogo hula wadudu. Popo wakubwa hula matunda na kunyonya maua. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, ndipo ubuyu hupatikana. Hata hivyo, usimshike popo kwa mkono, kwani huweza kuwa na magonjwa.

Komba. Huyu ana macho makubwa na huruka kutoka mti hadi mti. Hula wadudu, matunda na utomvu wa miti. Watu wa pwani husema mtu amelewa kama komba, kwa kuwa komba hupanda mnazi akanywa tembo la mgema.

Muhanga na kakakuona. Wote wawili hula mchwa na sisimizi. Kakakuona hana meno. Akiogopa hujikunja kama mpira, na magamba yake humkinga. Wazee wa sehemu nyingi humtumia kutabiri mwaka wa mvua au wa njaa. Lakini magamba yake hayana uganga wowote. Ni kitu kile kile kinachofanya kucha zako. Kumwinda bila kibali ni kosa la jinai. Tangu mwaka 2017, biashara ya kakakuona wa porini kati ya nchi na nchi imekatazwa.

WAHARIBIFU NA SIMBA

Nguruwe mwitu ni adui mkubwa wa shamba. Usimchanganye na ngiri. Ngiri hutembea mchana na usiku hulala shimoni. Nguruwe mwitu huja usiku, akala mahindi na kufukua muhogo. Kwa sababu yake, wakulima hulala shambani kulinda mazao.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Simba hupenda nyama ya nguruwe mwitu. Humfuata mpaka shambani, na huko humkuta mtu amelala katika kibanda kibovu. Wataalamu wa wanyamapori walihesabu kwamba, tangu mwaka 1990 hadi 2004, simba waliua watu zaidi ya 563 katika Tanzania. Wengi walishambuliwa katika mikoa ya kusini na pwani, hasa wakati wa mavuno, mwezi wa Machi mpaka Mei.

UTAZAME MWEZI

Mwaka 2011 wataalamu walieleza jambo jingine. Simba hushambulia watu zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, na hasa kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku. Sababu ni hii. Penye mbalamwezi, wanyama humwona simba mapema wakakimbia, naye hubaki na njaa. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Baada ya hapo, kila siku mwezi huchelewa kuchomoza. Basi saa za jioni huwa za giza, watu bado wanatembea, na simba ana njaa.

TUFANYE NINI?

1. Jenga dungu la juu, lenye nguzo imara na kuta. Ukishapanda, vuta ngazi.

2. Usilale shambani peke yako. Wakulima wa jirani walinde kwa zamu.

3. Chimbeni mtaro mrefu kwenda chini au jengeni ua imara kuzunguka mashamba. Nguruwe mwitu asipoingia, simba naye hana la kufuata.

4. Siku kumi baada ya mwezi mpevu, chota maji na tafuta kuni mchana. Watoto wawe ndani kabla ya magharibi. Ukilazimika kutoka, toka na mwenzako na taa.

5. Ukikutana na simba, usikimbie wala usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole huku ukimtazama.

6. Ukiona nyayo za simba karibu na kijiji, mwarifu mwenyekiti wa kijiji siku ile ile, naye amwite afisa wanyamapori.

Ndugu msomaji, leo jioni toka nje na watoto wako, simameni karibu na mlango, mtazame mwezi unachomoza saa ngapi. Ukiwa umeanza kuchelewa, waambie jirani zako wanaolinda mashamba.