Sahani ya Duol

Awendo, nchini Kenya, ni mji wa miwa. Tangu Kiwanda cha Sukari cha Nyanza Kusini, ambacho wengi hukiita SONY, kilipoanza kusaga miwa mwaka 1979, matrekta yamekuwa sehemu ya mandhari: yanakuja yakiyumba, matrela yamesheheni hadi juu. Na penye matrekta hapakosi watoto wa shule. Trekta likipunguza mwendo kwenye tuta, mkono mdogo huchomoa mua, wa pili, wa tatu, kisha sare zinatokomea vichochoroni kwa vicheko.

Je, huo ni wizi? Mkulima aliyepalilia shamba mwaka mzima na zaidi atakuambia kila mua hulipwa kwa uzani wake. Jirani atakuambia mtoto ni mtoto, na mua mmoja haumfilisi mtu. Hapo katikati, kati ya mkulima na jirani, ndipo maadili ya mtoto yanapojengwa au kubomolewa.

Zamani Wajaluo wa eneo hili, kama wenzao kote Nyanza Kusini, hawakuwa na kipindi cha maadili. Walikuwa na mahali. Wasichana na watoto wadogo walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Kabla usingizi haujawachukua, walitegana vitendawili na kusikiliza sigana, hadithi za Apuoyo sungura mjanja na Ondiek fisi mlafi. Wavulana wakishakua kidogo walihamia kwenye duol, kibanda cha mwenye boma karibu na zizi la ng'ombe, ambako wanaume waliota moto jioni.

Duol ilifundisha kwa sahani. Kila mke wa boma alipika kwake na kupeleka chakula huko, na wanaume wakala pamoja na wavulana wote. Mtoto wa mke mkubwa alimega kuon, ugali, wa mke mdogo, na mtoto wa mke mdogo akachovya mboga za mke mkubwa. Hakuna aliyemhubiria kuhusu umoja. Tumbo lake lilishajua kwamba limeshibishwa na nyumba zote. Alijifunza pia kunawisha wakubwa mikono, kungoja zamu yake na kutochagua nyama. Aliyekunja uso mbele ya mboga aliambiwa, "Alot michayo ema tieko kuon": mboga unayoidharau ndiyo itakayomaliza ugali. Na mwenye ulimi mrefu alikumbushwa asimtukane mamba kabla hajavuka mto.

Hadithi nazo zilikuwa na anwani. Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya leo ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa sherehe alipita bibi kizee akiomba hifadhi, wenyeji wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha. Mvua ikanyesha, kijiji kikadidimia, yule mwenye huruma akaokoka. Mtoto aliyesimuliwa kisa hicho kisha akaoneshwa maji yenyewe hakuhitaji kuelezwa maana ya ukarimu.

Hata hivyo tusipake zamani asali. Mengi yalishikiliwa kwa hofu ya chira, mkosi unaomwandama mvunja mwiko, na msichana alifundishwa zaidi kutii kuliko kuuliza. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alipochapisha kitabu chake cha mila za Wajaluo mwaka 1938, mambo yalikuwa yameshaanza kubadilika. Leo familia nyingi za Awendo zinaishi vyumba vya kupanga, na kiwanda kimewaleta watu wa makabila mengine kufanya kazi na kuishi hapa. Siwindhe haina mahali pa kusimama. Nyanya yuko kijijini, na jioni mtoto yuko na simu.

Urithi huo umeangukia shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeuweka uraia miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na unataja maadili ya kukuzwa: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kwa hiyo mwalimu hana budi kushawishi pale ambapo zamani angetisha. Wapo wanaolalamika. Lakini pim naye hakuwa na kiboko. Alikuwa na kisa, na kitendawili, na subira ya kusubiri jibu.

Jambo ambalo shule haiwezi kulirithi peke yake ni sahani. Mtoto anaweza kuandika neno "uadilifu" bila kosa hata moja, akapata alama zote, kisha akapita kwenye tuta akielekea nyumbani. Mtaala wenyewe unakiri hivyo, ndiyo maana unamtaka mzazi ashiriki katika kujifunza kwa mtoto. Wazazi wengi wameuelewa ushiriki huo kuwa ni kununua karatasi za manila na rangi na kutengeneza vifaa usiku mtoto akiwa amelala. Hiyo ni kazi ya mikono tu. Kazi yenyewe huanza mtoto anapoingia mlangoni na mua begani.

Katika boma la zamani, kitu kigeni kisingepita mlangoni bila mtu kuuliza, awe baba, baba mdogo au mke mwenza wa mama: "Umeutoa wapi?" Ni swali dogo, halina ukali. Lakini mama akiupokea mua huo kimya, akaumenya na kuwagawia wadogo zake, mtoto ameshapewa somo la uraia jioni hiyo, na kesho mwalimu atakuwa na kazi ngumu ya kulifuta ubaoni.