Je, Wajua? EP Ilianza Kama Sahani ya Inchi 7

Kaa kijiweni Katubuka, mjini Kigoma, jioni, uulize kama FOA ya mwanamuziki Diamond Platnumz ni albamu au EP. Kahawa itapoa kabla hamjaafikiana. Mwenyewe aliitoa Machi 2022 kama EP, na ina nyimbo 10! Wengine hapo wangeiita albamu.

Zamani ubishi huu usingekuwepo, maana sahani yenyewe ndiyo iliyoamua. Mwaka 1952 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilileta EP (extended play), sahani ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika. Kwa macho ni ile ile ya singo. Tofauti ilikuwa kwenye mifereji: ilibanwa ikasogeleana, sindano ikapata njia ndefu zaidi, na kila upande ukabeba nyimbo mbili badala ya moja.

Baadaye jina EP likabaki kwa toleo lolote fupi kuliko albamu. Bendi za roki kali ziliipenda sana EP, kwani haikuhitaji fedha za albamu nzima. Fugazi ya Washington, moja ya bendi zilizojenga mtindo wa post-hardcore, ilianza na EP ya nyimbo 7 mwaka 1988. Ikafuata nyingine ya nyimbo 6. Zilipounganishwa mwaka 1989, mkusanyiko ukaitwa 13 Songs. Hesabu tu, hakuna mashairi hapo.