Mshipi wa Mgeni, Mikono ya Baharia

Watamu ni mji mdogo wa pwani ya Kenya, kusini ya Malindi. Hapo, kama kule Malindi na Shimoni, kuna uvuvi wa mchezo: mgeni hukodi boti kwa siku nzima akaenda bahari kuu kupambana na samaki mkubwa kwa ndoana na mshipi. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikwenda kuvua Shimoni mwaka 1954. Majina ya wageni wa namna hiyo hukumbukwa. Sisi tulitaka kuwajua wanaowapeleka.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wa kaskazi: nahodha, mabaharia wawili, mgeni kutoka Ulaya, na sisi. Mabaharia walikuwa kazini tangu saa kumi na moja, wakipakia barafu na mafuta na kufunga chambo. Tulipokwisha kupita mwamba, mishipi ilitupwa nyuma na chambo kikaburutwa juu ya maji. Nahodha aliwatazama ndege tu. Wanapokusanyika na kupiga mbizi, alitueleza, chini yao pana dagaa, na penye dagaa samaki mkubwa hayuko mbali.

Saa nne mshipi mmoja ulilia. Sulisuli aliruka mara tatu, pezi lake la mgongoni limetanda kama tanga. Mgeni alifungwa mkanda, akavuta, akapumzika, akavuta tena, jasho likimtoka. Nahodha aligeuza boti huku na huku ili mshipi usilegee wala usikatike.

Hakuna aliyemshikia ufito. IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi huu kilichoundwa mwaka 1939, kina kanuni kali: anayetaka samaki wake aingie katika rekodi asisaidiwe na mtu kushika ufito wala mshipi. Baharia huruhusiwa kushika kile kipande kigumu cha mwisho kilicho karibu na ndoana, samaki akishaletwa ubavuni. Basi kazi ya hatari kupita zote ndiyo iliyoachwa kwake. Samaki ana mdomo kama mkuki, na uzi ukimnasa baharia mkononi anaweza kuvutwa baharini.

Baada ya dakika arobaini baharia mdogo aliinama, akamshika. Mwenzake alimchoma samaki alama yenye namba, ili akivuliwa tena ijulikane alikotoka, kisha wakamwachia. Mgeni alishangilia, nasi tukashangilia.

Samaki wa namna hii huandikwa kwa jina la mgeni. Mwaka 1953 huko Cabo Blanco, Peru, Alfred Glassell alivua marlin mweusi wa kilo 707, na jina lake limo katika vitabu. Nahodha na mabaharia wake ni wachache wanaowajua.

Tulirudi saa kumi alasiri, bendera ya sulisuli ikipepea. Mgeni alipiga picha akaenda zake. Mabaharia waliosha boti hadi magharibi, na hapo ndipo tulipozungumza. Mmoja wao yuko katika boti hiyo msimu wa tano, naye hulipwa kwa siku. Boti isipotoka, halipwi. Kusi ikianza, boti hupandishwa pwani naye huambiwa angoje.

Mkata mkonge na kibarua wa kiwandani wanaijua hali hiyo. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, au kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Baharia huyo hakuijua. Nahodha aliijua, ila alisema hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Usiku ule walikubaliana jambo moja: kila siku ya kazi iandikwe katika daftari, tarehe na saa, na mwenzake atie sahihi. Wakiuliza, watauliza wote pamoja. Mgeni ana picha ya samaki wake. Na baharia awe na hesabu ya siku zake.