Harufu inayovuta vipepeo dume: inapatikana namna gani

Siku tulipofunga mtego wa kwanza wa kiwavijeshi katika shamba la koperative moja ya uwanda wa Ruzizi, mama mmoja alituuliza: «Kama unakamata madume tu, majike si watabaki kutaga mayai kwenye mahindi yetu?» Alisema kweli. Mtego huu si dawa. Kazi yake ni kutujulisha kama adui amefika, na kwa wingi gani.

Usiku, kipepeo jike anatulia juu ya mmea na kutoa harufu. Sisi watu hatuisikii, lakini dume anaisikia kwa vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani, na kuifuata. Feromoni njo jina lake. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1959 na Mjerumani Adolf Butenandt, na ilimpasa kutumia karibu nusu milioni ya vipepeo majike wa hariri! Leo wadudu wachache wanatosha. Wataalamu wanakata tezi mwishoni mwa tumbo la jike, wanaiosha ndani ya maji ya kuyeyusha, kisha mashine inatenganisha vitu vyote na kuvipitisha kimoja kimoja mbele ya kipapasio cha dume kilichofungwa kwenye nyaya. Kipapasio kikisikia kitu chake, umeme unaruka kidogo. Hapo wanajua: njo hiki. Wanakitengeneza, wanakiweka ndani ya kapsuli ya mpira, na kwenda kukijaribu shambani.

Ya kiwavijeshi ni mchanganyiko. Kitu kimoja ni kingi, cha pili ni kidogo sana, lakini bila hicho kidogo madume hawaji vizuri. Na huku Afrika kuna shida ingine: kapsuli zinavuta pia kipepeo mwingine, Leucania loreyi. Tukiwahesabu wote pamoja, tutatupa franka za koperative kwa dawa isiyohitajika.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika hesabu, mwageni vipepeo juu ya karatasi nyeupe na muangalie mabawa ya mbele. Dume wa kiwavijeshi ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa. Yule mwingine ana rangi ya majani makavu, bila doa hilo. Kapsuli msizishike kwa vidole vitupu, zaidi kama mmetoka kushika za mdudu mwingine; zinazobaki ziwekwe kwenye baridi.

Mtego ukianza kukamata, ingieni shambani mara moja. Tafuteni mayai kwenye majani, na viwavi vidogo mbele havijaingia ndani ya moyo wa mhindi.