Kushawishi kwa Kalamu: Somo Tulilolipata Sokoni Kalerwe

Mtu atokaye Mulago akashika njia ya Gayaza hana budi kupita Kalerwe, na apitapo Kalerwe hana budi kuitwa. Soko hilo lajulikana Kampala nzima kwa vyakula vya bei nafuu, na tangu ile barabara ya kaskazini mwa mji, Northern Bypass, ilipofunguliwa mwaka 2009, magari na watu wamezidi kukutana hapo. Kila muuzaji ataka mpita njia asimame. Mmoja aita kwa sauti. Wa pili apanga nyanya zake mafungu mafungu, nzuri juu na ndogo chini. Wa tatu ana kipaza sauti kirudiacho maneno yale yale tangu asubuhi hata jioni. Wasomaji wengi wa gazeti hili, hata ninyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kupata magari, mmewahi kununua hapo kitu ambacho hamkukusudia kukinunua. Je, ni neno gani lililowashika?

Swali hilo tuliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu katika muhula wa kwanza wa mwaka 2025, nasi twataka kueleza hapa yaliyotokea, maana yalitufundisha sisi walimu vile vile.

Kwanza yafaa kusema kwa nini tulitoka darasani. Zamani uandishi wa kushawishi ulifundishwa kwa insha. Mwanafunzi aliambiwa, "Andika kuhusu faida za usafi," naye akaandika kurasa mbili, akaanza na maana ya usafi na kumaliza kwa kuiomba serikali na wananchi kushirikiana. Insha hiyo ilikuwa na msomaji mmoja tu, naye ni mwalimu, ambaye alikwisha kukubali neno lenyewe kabla ya kulisoma. Tena mwalimu hulipwa ili asome mpaka mwisho. Mpita njia wa Kalerwe halipwi na mtu. Likimchosha neno la kwanza, la pili halioni. Mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari, ulioanza nchini Uganda mwaka 2020, wawataka wanafunzi wafanye miradi, na kazi za namna hiyo huhesabiwa katika alama 20 kwa mia zitokazo shuleni kabla ya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo tulikuwa na ruhusa, na soko tunalo karibu.

Siku ya kwanza kila mwanafunzi alipewa kazi ya kuleta matangazo matatu, yaliyoandikwa au yaliyosemwa, ambayo yeye mwenyewe aliona yamemsimamisha mtu. Si matangazo mazuri kwa macho yake. Matangazo yaliyomsimamisha mtu. Wengi walirudi na vibanda vya kutuma fedha kwa simu, vya manjano na vyekundu, wakaeleza kwamba rangi yatosha: mtu aijua kazi ya kibanda kabla hajasoma herufi moja. Msichana mmoja alileta jambo lililonipendeza kuliko yote. Alimwona mama auzaye parachichi, hana ubao wala haiti mtu. Amelipasua parachichi moja katikati na kuliweka juu ya fungu, kijani kibichi na njano, bila doa. Jirani yake ameandika kwenye boksi "Tamu sana", na watu wanampita. Mgiriki Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba msemaji hushawishi kwa tabia yake inayomfanya aaminike, kwa hisia anazoamsha katika wasikilizaji, na kwa hoja zenyewe. Mama wa parachichi hakumsoma Aristotle, lakini alijua kwamba ushahidi ulio wazi hauhitaji sifa.

Mvulana mwingine alimleta yule mtu wa kipaza sauti, auzaye dawa ya mgongo, ya tumbo, na ya kuleta bahati ya biashara, yote katika chupa moja. Kwa hesabu ya mvulana huyo, hakuna aliyesimamisha watu wengi kama yeye. Nitamrudia mtu huyo baadaye.

Basi tukaingia katika kazi yenyewe. Wajuao Kalerwe waujua mfereji wa Nsooba, upokeao maji ya mvua na kuyapeleka upande wa Bwaise na kinamasi cha Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji ukiwa umezibwa na takataka, maji hupanda na kuingia katika nyumba na vibanda vya bondeni. Tena jambo la taka si jambo la mzaha kwa watu wa njia hii. Mbele yetu, katika upande huo huo wa Gayaza, ndiko kuliko Kiteezi, ambako mwezi wa Agosti mwaka 2024 mlima wa taka za jiji uliporomoka na kuwaua watu zaidi ya 30, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao. Wanafunzi hawakuhitaji kuhubiriwa. Walitaka kuandika mara moja, na tukawaacha waandike.

Hivi ndivyo walivyoandika, kwa herufi kubwa nyekundu: "Ni marufuku kutupa taka mferejini. Tunza mazingira. Mazingira ni uhai." Wakabandika nakala ishirini katika mstari mmoja wa vibanda vya matoke na mboga. Baada ya siku tatu zilibaki nne. Moja tuliikuta imesokotwa pembe, imejaa karanga, yauzwa.

Kulikuwa na mama mmoja wa matoke, mtu mzima, aliyekuwa akiwatazama siku zote. Wanafunzi wakamwendea, wakampigia magoti kama desturi ilivyo hapa, wakamwuliza, "Nnyabo, mbona watu hawakulifuata tangazo letu?" Akacheka, akawajibu kwa Kiganda maneno ambayo nayaandika hapa kwa Kiswahili: "Wanangu, tangazo lenu nimesomewa. Lakini mimi sijatupa kitu mferejini hata siku moja. Mimi hukusanya maganda yangu nyuma ya kibanda. Mvua ndiyo inayotupa."

Nawaomba wasomaji wasilipite jibu hilo upesi. Tangazo letu lilikuwa likisema na mtu aliyesimama ukingoni mwa mfereji na taka mkononi, na mtu huyo hakuwako katika mstari ule. Mama hakuwa mkaidi. Alilisoma agizo, akaona halimhusu, akaendelea na kazi yake. Sisi tulikuwa tumeandika kabla ya kuuliza.

Tulipouliza tuligundua kosa la pili, nalo lilikuwa katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili tuliandika "taka". Walipofasiri kwa Kiganda wakaandika "kasasiro". Lakini mama wa matoke hayaiti maganda yake kasasiro. Huyaita "ebikuta", maana ni chakula cha mbuzi na ng'ombe, na wako wafugaji wa pembezoni mwa jiji wanaoyatafuta. Kasasiro kwake ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki, usioliwa na mnyama wala kuoza. Sisi tulivitia vyote katika neno moja, na kwa hiyo hatukusema naye lugha moja hata pale tulipoandika Kiganda safi.

Tangazo la pili lilichukua wiki nzima. Liliandikwa kwa Kiganda, kwani ndiyo lugha ya soko hilo, na kwa Kiswahili chini yake. Kwa Kiswahili lilisema: "Mama, gunia la maganda likifungwa jioni, matoke yako hayalali majini." Hakuna zaidi. Halina "marufuku", kwa kuwa wanafunzi hawana mamlaka ya kumkataza mtu mzima kitu. Na mtu asiye na mamlaka akitumia lugha ya mamlaka huchekwa. Laanza na "Mama", kwa hiyo anayesemwa ajulikana. Lataja tendo moja tu, nalo lawezekana kwa gunia ambalo kila kibanda kinalo. Lataja saa ya kulifanya. Lataja hasara ambayo yeye mwenyewe ameiona kwa macho yake, wala si "mazingira", ambalo ni neno la vitabuni.

Siwezi kudai kwamba sisi ndio tuliovumbua njia hii, kwa sababu Afrika ya Mashariki imekwisha kuitumia katika mambo makubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukiua watu wengi katika Uganda, wito mmoja uliosikika sana uliitwa Zero Grazing. Maana yake ilitoka kwa wafugaji: ng'ombe aliyefungiwa hulishwa zizini, hatangitangi katika mashamba ya watu. Mkulima hakuhitaji kuelezwa. Aliijua sura hiyo tangu utoto, akacheka, akaelewa. Kisha mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alisema hadharani kwamba ana ugonjwa huo, akazunguka mashuleni na makanisani akiyasema mwenyewe, mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mabango yalikuwako kabla yake. Lakini bango halina uso, na yeye alikuwa na uso ambao watu walikuwa wakiupenda.

Jirani zetu wa Tanzania nao, mwaka 1973, walifanya kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nawaomba wanafunzi wautazame mpango huo: redio haikuachwa iseme peke yake. Baada ya kusikia, mtu alimwuliza jirani yake, "Je, sisi hapa tutafanya nini?" Swali hilo ndilo lililochimba vyoo.

Sasa tazameni vile vibao vilivyosimikwa katika nyua za shule nyingi za nchi hii, kando ya njia na chini ya miti: "Usikubali zawadi", "Epuka makundi mabaya", "Soma kwa bidii". Vilienea sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini nilipowauliza wanafunzi wangu, bila kuchungulia dirishani, kile kibao kilicho karibu na mlango wa bweni chasema nini, hakuna aliyekumbuka, nao hukipita mara sita kwa siku. Mimi mwenyewe sikukumbuka.

Yule mtu wa dawa alileta ubishi mkubwa darasani. Mvulana aliyemleta alisema, "Mwalimu, yeye anajua anayesema naye, anajua maumivu yake, anataja tendo moja na bei yake. Amefanya yote uliyotufundisha." Alisema kweli, na ilinichukua siku nzima kumjibu. Jibu nililolipata ni hili: mpeni msomaji yote ayajuayo mwandishi, kisha mwone kama tangazo litasimama. Mama wa matoke akijua yote tuyajuayo kuhusu mfereji, bado atafunga gunia, na pengine atalifunga kwa haraka zaidi. Mnunuzi wa ile chupa akijua yote ayajuayo muuzaji wake, ataweka fedha yake mfukoni. Matangazo ya tumbaku yasingalistahimili jaribio hilo, na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imeyapiga marufuku. Mvulana hakuridhika sana. Alisema sheria huchelewa. Hilo nalo ni kweli.

Magunia yalifungwa. Si yote; katika vibanda kumi na kimoja vya mstari ule, saba vilikubali, na mama wetu ndiye aliyewasema wengine wawili wakakubali baadaye, jambo ambalo karatasi yetu isingaliliweza. Ndipo likazuka swali tusilolitazamia: magunia yakisha kufungwa yaende wapi? Wanafunzi wakaandika tangazo jingine, fupi kuliko yote, wakalibandika penye vituo vya bodaboda kwenye njia ya Gayaza, wapitapo wafugaji: "Maganda ya matoke, bure, Kalerwe, kila jioni saa kumi na mbili. Njoo na baiskeli." Siku ya nne wakaja watu wawili. Wiki ya pili mmoja wao akaja na pikipiki.

Buveera zilibaki, maana hakuna mbuzi wa kuzila. Kwa ajili hiyo ilibidi kuandika barua kwa ofisi inayohusika, kuomba gari la taka lifike katika mstari ule kwa siku zinazojulikana, na barua ni kazi nyingine kabisa. Rasimu ya kwanza ilianza, "Tumechoshwa na uzembe wenu." Niliwauliza ni nani atakayeifungua bahasha, na baada ya kusoma mstari huo atafanya nini. Wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Ataiweka chini ya nyingine." Wakaenda kuhesabu magunia ya plastiki kwa siku tano, wakaandika saa ambazo njia ina nafasi ya gari kugeuka, wakaeleza ni wapi wauzaji watayapanga magunia ili wapakiaji wasipoteze wakati. Waliiandika mara nne. Ile ya nne ndiyo iliyopelekwa, ikiwa na sahihi za wauzaji, na wa mstari wa mwisho ambaye hajui kuandika alitia alama ya dole gumba. Nakala yake imebandikwa katika ukuta wa darasa letu, kando ya ile karatasi nyekundu ya kwanza iliyofungiwa karanga, ambayo bado ina mafuta.