Chuma Kilichoburuzwa Barazani

Machi 1985, kwa siku tatu, watu 180 walisimama mmoja baada ya mwingine mbele ya jopo la serikali jijini New York kutoa maoni yao juu ya bamba moja la chuma. Walikuwamo wasanii, wanasheria na makarani wa ofisi. Waliosema libaki walikuwa 122. Waliotaka liondolewe, 58.

Bamba hilo, Tilted Arc, lilikuwa kazi ya mchongaji Richard Serra. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 37, kimo cha mita 3.7 na unene usiofika sentimita saba, limepinda na kuinama kidogo. Serikali ya shirikisho ndiyo iliyomwagiza mwaka 1979, kwa dola 175,000, na mwaka 1981 likasimikwa mbele ya jengo la ofisi za serikali la Jacob Javits, Manhattan. Halikuwa na sura ya shujaa wala farasi. Serra alitaka mpita njia auhisi mwendo wa mwili wake: ukuta unamsogelea, unapinda, anga linapungua, kisha linafunguka tena.

Wengi waliofika hapo kila asubuhi kwenda kazini waliliona kwa jicho jingine. Aliyezoea kukatiza uwanjani sasa alilazimika kuzunguka ukuta wenye rangi ya kutu. Jaji Edward Re, aliyekuwa na ofisi papo hapo, aliongoza malalamiko.

Ingawa waliolitetea barazani walikuwa zaidi ya maradufu, jopo la watu watano lilipendekeza liondolewe, kwa kura nne dhidi ya moja. Serra alishikilia kwamba kazi hiyo ilibuniwa kwa uwanja ule ule, hivyo kuihamisha ni kuiangamiza. Akaenda mahakamani, akashindwa. Usiku wa Machi 15, 1989, mafundi walilikata vipande vitatu na kuvipakia kwenda ghalani. Serra alifariki mwaka 2024 bila bamba hilo kusimamishwa tena popote.

Ni hasara ya kweli, kwa kuwa ilikuwa kazi yenye nguvu. Lakini makarani wale nao hawastahili kubezwa. Sanaa ya makumbusho mtu huifuata kwa hiari. Ya uwanjani humkuta njiani, kila siku, atake asitake. Baraza lile lilipoitishwa, chuma kilikuwa kimeshasimama miaka minne. Mazungumzo ya namna ile yalipaswa kufanyika kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Kilomita chache kaskazini, Astor Place, kuna chuma cha aina ileile kilichopata bahati nyingine. Ni chuma kinachoachwa kishike kutu juu, na tabaka hilo la kutu hukikinga kisiliwe zaidi. Mwaka 1967 mchongaji Tony Rosenthal alikitumia kuunda mchemraba, kila upande karibu mita 2.4, uzito wa kilo mia nane hivi, ukasimamishwa juu ya pembe yake moja. Aliuita Alamo, jina alilolipendekeza mkewe. Uliwekwa kwa ajili ya maonyesho ya muda tu, lakini wakazi waliiomba rasmi halmashauri ya jiji iuache, nayo ikakubali.

Sababu mojawapo ya kupendwa haionekani kwa macho: ndani umefichwa mhimili. Watu wawili watatu wakiegemeza mabega na kusukuma, mchemraba wote unazunguka. Wanafunzi wameusukuma, watalii wameusukuma, na mwaka 2003 watu fulani waliufunika vibao vya rangi ukageuka mchemraba wa Rubik. Umbo lisilosimulia kisa chochote hupewa maana na mikono inayoligusa na miguu inayolizunguka. Rosenthal aliiachia mikono hiyo nafasi.

Si lazima kazi izunguke ndipo ipendwe. Grand Rapids, Michigan, La Grande Vitesse ya mchongaji Alexander Calder, tani 42 za chuma chekundu kilichopinda, ilisimikwa mwaka 1969, ya kwanza kugharimiwa na mpango wa taifa wa sanaa za hadharani. Nako kulikuwa na waliong'aka. Hata hivyo jiji liliichukua ikawa nembo yake, na mchoro wake ukapakwa hadi kwenye malori ya taka.