Uso Uliopinda Upande Mmoja: Siku Tatu za Kwanza Zisipotee

Mtu hulala mzima, na alfajiri huinuka kwenda kusukutua, maji yakamtoka kwa pembe moja ya mdomo bila ya yeye kutaka. Akitazama kioo hujiona ana nyuso mbili katika uso mmoja: upande huu unacheka na kukunja ndita kama kawaida, upande ule umelegea, nyusi imeshuka, jicho halifumbi. Hasikii maumivu makubwa, pengine kidogo tu nyuma ya sikio. Nguvu za mkono na mguu anazo zote. Lakini hofu anayopata ni kubwa kuliko ya homa yoyote, na kabla jua halijapanda nyumba nzima imekwisha jaa washauri. Mkewe anasema ni upepo mbaya wa usiku. Jirani anasema amepigwa kofi na jini. Wenzake wa zamu wanasema ni kiharusi, na kwamba Afande hatafika jioni.

Aghalabu wote watatu wamekosea. Maradhi haya madaktari huyaita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, tabibu mpasuaji wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1774 na kufariki mwaka 1842. Kila mwaka huwapata watu kati ya 20 na 30 hivi katika kila watu 100,000, wake kwa waume, wakubwa kwa vijana. Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika kambi kubwa yenye familia zake si ajabu yakaonekana mara moja katika miaka michache, nayo kila mara yakaonekana kuwa ni jambo jipya.

Huyo Bell alikuwa mtu wa kuvutia kwa wasomaji wa ukurasa huu, maana alijifunza mengi kutokana na miili ya askari. Baada ya vita vya Waterloo vya Juni 1815 alivuka bahari kwenda Brussels, akapasua majeruhi siku baada ya siku, na kwa kuwa alikuwa pia mchoraji hodari, aliwachora wale askari na majeraha yao kwa rangi za maji. Picha hizo zipo hadi leo. Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1821, alisoma mbele ya wanachuoni wa London maelezo yake juu ya mishipa ya fahamu ya uso. Alikuwa amekata mshipa mmoja upande mmoja wa uso wa punda, na papo hapo pua ya mnyama yule upande ule ikaacha kutanuka alipovuta pumzi. Si kila alichodhani kilikuwa sahihi, na wengine walimsahihisha baadaye. Wala hakuwa wa kwanza kuyaeleza maradhi yenyewe: tabibu mkuu wa Kiajemi Abu Bakr al-Razi alikwisha kuyaandika karibu miaka 900 kabla yake. Lakini jina lililobaki vitabuni ni la Bell.

MSHIPA NDANI YA MFUPA

Kichwa cha mwanadamu kina jozi 12 za mishipa ya fahamu itokayo moja kwa moja kwenye ubongo. Mshipa wa saba ndio unaoendesha uso. Kila upande una wake. Kabla ya kufika shavuni mshipa huu hupita katika mfereji mwembamba uliotobolewa ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio, kisha hutokea chini ya sikio na kugawanyika matawi kwenda kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Ni kama waya wa simu uliopitishwa ndani ya bomba la chuma: waya ukivimba, bomba halitanuki. Mshipa hujibana wenyewe, na amri ya ubongo haipiti. Kwa sababu mshipa huo huo hubeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na hutuliza kijifupa kidogo cha sikio wakati wa kelele, mgonjwa huweza kulalamika kwamba chakula hakina ladha upande mmoja, au kwamba sauti ya tarumbeta inampasua sikio.

Kinachouvimbisha ni nini? Mwaka 1996 wataalamu wa Japani walichunguza maji yaliyotoka katika mishipa ya wagonjwa 14 waliopasuliwa, na kwa 11 kati yao wakakuta alama za virusi vile vile viletavyo malengelenge ya midomo wakati wa homa. Virusi hivyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni, vimelala. Inadhaniwa kwamba huamka na kuushambulia mshipa. Ushahidi huo ni mzuri, ingawa haujafunga mjadala.

KWA NINI KILA MGANGA HUFAULU

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Daktari mmoja wa Denmark, Erik Peitersen, aliwafuata kwa muda wa miaka 25 wagonjwa wa kupooza uso ambao hawakupewa dawa yoyote, akatangaza hesabu yake mwaka 2002. Wenye maradhi ya Bell walikuwa 1,701. Katika kila 100, watu 85 walianza kuona uso ukirudi ndani ya wiki tatu, na 71 walipona kabisa, bila kidonge, bila sindano, bila kitu.

Tafakari maana yake. Mganga aliyechinja kuku mweusi siku ya tano atasifiwa siku ya ishirini. Mzee aliyemchanja mgonjwa shavuni na kumpaka majivu atasifiwa. Lakini nisiwaseme wao peke yao, kwani hata madaktari waliosoma walifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi: mmoja aliamini sindano za vitamini, mwingine umeme, mwingine kupasua mfupa ili mshipa upate nafasi, na kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake waliopona wa kuonyesha. Ugonjwa unaopona wenyewe mara saba katika kumi humpa kila mtu heshima asiyostahili. Wale watatu waliobaki na uso uliopinda hakuna aliyewahesabu, au iliambiwa kwamba walichelewa kufika.

Njia ya kutoka katika kiza hicho ni moja, nayo ni kupiga kura. Kati ya Juni 2004 na Juni 2006 hospitali 17 za Scotland zilikusanya wagonjwa 551 wenye umri wa miaka 16 na zaidi, wote wakiwa wamefika ndani ya saa 72 tangu uso kupooza. Kura iliwagawa mafungu manne. Fungu la kwanza walipewa vidonge vya prednisoloni, dawa ipunguzayo uvimbe. La pili walipewa asikloviri, dawa ya kupiga virusi. La tatu walipewa zote mbili. La nne walipewa vidonge vya sukari ya maziwa tu, vilivyofanana na vingine kwa umbo. Mgonjwa hakujua anameza nini, wala daktari wake hakujua. Kisha walipigwa picha: uso ukiwa umetulia, ukicheka, ukiinua nyusi, na macho yakifumbwa kwa nguvu. Mabingwa watatu walizipima picha hizo bila kuambiwa nani alimeza nini, wakitumia kipimo cha daraja sita kilichowekwa mwaka 1985.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Baada ya miezi mitatu, waliopewa prednisoloni walikuwa wamepona 83 katika kila 100. Wasiopewa, karibu 64. Baada ya miezi tisa, zaidi ya 94 dhidi ya karibu 82. Na asikloviri? Haikusaidia, waliopewa na wasiopewa walikwenda sawasawa. Mwaka uliofuata Sweden na Finland zilitangaza jaribio la watu zaidi ya 800, nalo likaonyesha vivyo hivyo: prednisoloni inasaidia, dawa ya virusi peke yake haisaidii.

Tofauti hiyo si ya miujiza. Ukiwapa dawa watu wanane, saba kati yao hali yao ya mwisho ingekuwa ile ile, na mmoja ameokolewa asibaki na uso uliopinda maisha yake yote. Lakini mtu huyo mmoja ni polisi anayesimama mbele ya umma kila siku, au ni bibi harusi. Na dawa yenyewe ni ya bei nafuu, humezwa kwa siku 10 tu. Katika jaribio la Scotland kipimo kilikuwa miligramu 25 asubuhi na 25 jioni. Tumeandika kipimo hiki ili msomaji aelewe, si ili aende dukani kujinunulia. Prednisoloni hupandisha sukari ya damu, huamsha kifua kikuu kilicholala na huchokoza vidonda vya tumbo. Aipime daktari, baada ya kumuuliza mgonjwa maswali yake.

Muhimu ni saa 72. Siku hizo tatu ndizo ambazo katika nyumba nyingi hutumika kutafuta nauli ya kwenda kwa mganga kijijini. Anayetaka kusomewa dua nyumbani na asomewe, hakuna ubaya. Lakini zahanati iwe ya kwanza.

PAJI LA USO HUSEMA KWELI

Je, kama ni kiharusi kweli? Jaribio ni rahisi, na mke au mtoto mkubwa anaweza kulifanya. Mwambie mgonjwa ainue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Katika maradhi ya Bell upande mbovu wa paji hubaki laini kama yai, haukunji. Katika kiharusi kwa kawaida paji hukunja pande zote mbili, kwa maana sehemu hiyo hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo; ulegevu unakuwa mdomoni na shavuni tu. Tazama pia mkono, mguu na usemi. Mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, au mtu akipepesuka, usingoje kesho: apelekwe hospitali saa ile ile. Na ikiwa mna shaka, hesabuni kuwa ni kiharusi.

Yapo mengine ya kuangalia. Malengelenge yenye maumivu makali ndani au pembeni ya sikio ni mkanda wa jeshi uliouvamia mshipa huo huo. Huo ni mkali zaidi, uponaji wake ni mgumu, na kwa huo dawa ya virusi hutumika. Sikio linalotoa usaha litibiwe lenyewe. Uso uliolegea polepole kwa wiki nyingi, badala ya siku moja au mbili, huenda una uvimbe ndani, na yafaa uchunguzwe kwa bidii. Wajawazito walio karibu kujifungua na wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko wengine. Katika nchi zetu daktari mwangalifu atashauri pia damu ipimwe virusi vya Ukimwi, kwa kuwa kupooza uso huweza kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo. Asichukiwe kwa hilo.

Kwa watoto mambo ni mbali kidogo. Jaribio la Australia na New Zealand lililotangazwa mwaka 2022, lenye watoto 187, halikuonyesha kwamba prednisoloni iliharakisha uponaji wao. Karibu watoto wote walipona ndani ya miezi sita, dawa au bila dawa. Mama asilazimishe kidonge. Lakini mtoto achunguzwe, ili ijulikane kwamba ni maradhi haya na si mengine.

JICHO KWANZA

Mgonjwa huhangaikia mdomo kwa kuwa ndio unaochekwa. Cha kuhangaikia ni jicho. Anapojaribu kulifumba, mboni hupanda juu na weupe peke yake huonekana katikati ya kope; familia hushtuka na kudhani anakata roho. Hiyo ni kinga ya maumbile, Bell mwenyewe aliieleza, lakini haitoshi. Jicho lisilofumba hukauka, vumbi hulikwaruza, kidonda hutokea juu ya kioo cha jicho, na uso ukirudi baada ya miezi miwili mtu anakuwa na uso mzuri na jicho pofu.

Kwa hiyo mchana atie matone ya machozi ya bandia mara kwa mara, kama alivyoagizwa na zahanati, na avae miwani, hasa aendeshapo pikipiki au asimamapo barabarani. Usiku atie marhamu ya macho, kisha kope ishushwe kwa kidole na kufungwa kwa plasta nyembamba. Pamba isiwekwe juu ya jicho lililo wazi, kwani nyuzi zake hukwaruza. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Chakula kiwe laini, kitafunwe upande mzima, na baada ya kula mdomo usafishwe, maana mabaki hujificha shavuni upande uliolegea. Mkuu wake wa kazi amwondoe kwa muda katika zamu za vumbi na za kulenga shabaha kwa jicho hilo. Kumficha chumbani hakuna haja. Maradhi haya hayaambukizwi kwa kula pamoja.

Wiki tatu zikipita bila dalili ya uso kuanza kurudi, au miezi mitatu bila kupona sawasawa, daktari wa zahanati amwandikie barua ya kwenda kwa bingwa. Wapo wachache ambao mshipa wao huota upya lakini matawi hupotea njia: mtu akicheka jicho hufumba lenyewe, au akitafuna machozi humtoka, na madaktari wameyaita machozi ya mamba. Kwa hao kuna mazoezi ya polepole mbele ya kioo, na mahali penye wataalamu hutumika sindano ndogo za sumu ya botulini, ambazo hulegeza misuli iliyokaza kwa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa.